Siku Tuliyovaa Rangi ya Wageni

Kitenge kipya kina harufu yake. Ni harufu ya nta na rangi iliyokaa gizani ndani ya bunda, na kikipigwa pasi kwa mara ya kwanza inapanda pamoja na mvuke na kukukaa puani siku nzima. Wiki iliyopita nilikuwa Berea, hapa Johannesburg, kwa fundi mmoja wa kwetu, nikisubiri gauni langu. Akatandika mezani kitambaa cha rangi ya machungwa, akakipitishia pasi, nami ghafla nikawa na miaka kumi, nimekaa chini ya meza ya Mama nikiokota vipande vinavyodondoka kutoka kwenye mkasi wake. Fundi akaniuliza ninacheka nini. Nikamwambia ni hadithi ndefu, na yeye ana wateja. Ninyi mna nafasi, basi niwasimulie ninyi.

Tulikuwa tukiishi Doornfontein, ghorofa ya sita, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujahamia. Papa alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari. Mama alishona nguo pale pale nyumbani, na zaidi ya hapo alikuwa mwalimu wa kwaya ya akina mama wa kanisa letu kule Berea, Wakongo wengi na Warundi kiasi. Watu walimwita Mama Fiston, kwa jina la kaka yangu, kwa kuwa ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Mimi Riziki nilikuwa wa pili na wa mwisho, kwa hiyo hakuna aliyeitwa kwa jina langu, jambo ambalo siku hizo liliniuma kuliko ilivyostahili.

Fiston alikuwa beki wa kushoto wa timu ya chuo kikuu cha jirani. Mkisikia hivyo mtadhani ni mchezo tu. Sisi tulikuwa wakimbizi kutoka Bukavu, tukiishi kwa karatasi za kwenda kupangia foleni kila zinapokaribia kuisha, na milango mingi ya masomo tuliikuta imefungwa. Mguu wa kushoto wa Fiston ndio uliofungua mmoja. Chuo kilimpa bursari asome uhandisi, naye akawachezea mpira. Alikuwa mwaka wa pili. Timu ikifa, bursari inakufa, na uhandisi unabaki kwenye madaftari.

Na timu ilikuwa karibu kufa. Habari hiyo aliileta mwenyewe Kocha Sello, ambaye siku moja alipanda zile ngazi zote akafika kwetu anahema, akanywa glasi mbili za maji kabla ya kusema neno. Alieleza kwamba bursari za wachezaji zilitoka kwa mfadhili, tajiri mmoja wa viwanda vya rangi za nyumba, na huyo mzee alikuwa amechoka kufadhili timu ambayo hata wanafunzi wa chuo chenyewe hawaijui. Anataka timu ya kujulikana nchi nzima, hata na mtu wa Polokwane kule kaskazini. Mwezi unaofuata kulikuwa na mechi moja ya nyumbani ambayo ingeonyeshwa kwenye televisheni. Mfadhili angekuja kukaa jukwaani aone. Akikuta viti vitupu kama kawaida, mwakani hakuna bursari kwa mtu yeyote.

“Eish, Mama Fiston,” alisema Kocha, mimi nikimtafsiria, “vijana wangu wanacheza mpira mzuri mbele ya njiwa.”

Jioni hiyo wachezaji wanne walijazana jikoni kwetu wakibishana. Ni nini hasa kinachoifanya timu ya chuo ijulikane nchi nzima? Mmoja alisema ni makombe. Mwingine alisema tupeleke mchezaji mmoja tu timu ya taifa, basi, jina la chuo litatajwa kila mahali. Golikipa alisema ni televisheni, mengine ni maneno. Fiston aliwajibu kwamba televisheni inaonyesha kilichopo, na kama hakuna kitu itaonyesha hakuna kitu. Walikula ugali wetu wote na maharage ya kesho, wakaondoka bila kuafikiana.

Mama hakuwa ameinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Walipoondoka alikata uzi kwa meno akaniuliza mimi, kana kwamba nami nina akili za watu wazima.

“Riziki, sisi wakati tulifika hapa Joburg, nani alitujua?”

Nikasema hakuna.

“Na leo, mutu akifiwa pale Berea, anaita nani?”

Nikasema anaita kwaya yake. Ilikuwa kweli. Wazulu, Wazimbabwe, watu ambao hawakuelewa neno moja la nyimbo zetu, walikuja kutuomba tuimbe kwenye misiba yao, kwa sababu tulikuja wengi, tukaimba kwa nguvu, na tukavaa kitenge kimoja. Hilo la mwisho msilidharau. Kwetu harusi ina kitenge chake, msiba una kitenge chake, hata kumpokea mchungaji mgeni kuna kitenge chake. Watu arobaini wenye nguo arobaini tofauti, Mama aliwaona kama wamekutana tu njiani kwenye robot, zile taa za barabarani, wakisubiri ya kijani.

“Basi njo hivyo,” akasema. Nami nilimjua. Mama akishaamua jambo, hata umpigie magoti ni kazi bure.

Jumapili iliyofuata aliwasimamisha akina mama baada ya ibada, akawaomba waende kuiimbia timu ya Fiston. Wengine walicheka. Mama Solange, Mrundi mwenye meza ya mboga na ulimi usiolala, aliuliza kama Yesu naye ana timu. Mama aliwaacha wacheke mpaka wakachoka, kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mtoto wake yuko mwaka wa pili na anataka amwone akimaliza mwaka wa nne. Kicheko kikaisha. Karibu kila mmoja pale alikuwa na mtoto aliyemwotea kitu kama hicho.

Wakakubaliana kwa masharti mawili: kitenge kiwe kipya, na Fiston asiambiwe. La kwanza lilitoka kwao. La pili lilitoka kwa Mama, maana alijua kijana wa miaka ishirini akisikia mama yake anakuja uwanjani na kwaya nzima atazuia kwa machozi.

Sasa hapa ndipo ninapoingia, na naomba mnihurumie. Mama hakuwahi kwenda kwenye mechi hata moja. Mechi zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku wateja wanafuata nguo zao na kwaya inafanya mazoezi. Mpira wa Fiston aliuona dirishani tu, kwa kuwa uwanja wa mazoezi ulikuwa chini yetu. Jezi za mechi zilifuliwa na kutunzwa chuoni. Hivyo siku ya kwenda kununua kitambaa aliniita dirishani, macho yake ya mbali yakiwa yamechoshwa na sindano, akaniuliza timu ya kaka yako ni rangi gani. Nikachungulia. Fiston alikuwa kule chini pamoja na wenzake kadhaa, wamevaa vizibao vinavyong'aa.

“Ya machungwa, Mama,” nikasema, kwa uhakika wa hakimu.

Mlio na watoto wanaocheza mpira mmeshaelewa. Vile vilikuwa vizibao vya mazoezi, vile wanavyogawiwa nusu ya wachezaji ili wasichanganyane. Timu ya chuo ilivaa bluu. Lakini nani angemwambia Mama, na jambo lenyewe lilikuwa siri? Majuma matatu cherehani yetu haikupoa. Magauni arobaini na vilemba arobaini, vyote rangi ya machungwa yenye maua meusi, vikaning'inia mpaka kwenye mlango wa choo, na Fiston aliambiwa ni vya harusi ya watu. Mimi nilishonewa kigauni changu, nikajiona malkia.

Siku ilipofika tulikusanyika kanisani mchana tukateremka kwa miguu, wawili wawili, na ngoma mbili mbele. Teksi zilipiga honi. Mwenye spaza, kiduka cha pembeni, alitoka nje na mteja wake akiwa na mkate mkononi. Nilitembea nikiwa nimebana mabega kwa fahari. Halafu tukafika getini, nikaona bendera za bluu, na kitambaa cha bluu juu ya lango, na kwa mbali timu yetu ikipasha misuli, kumi na mmoja na wa akiba, bluu tupu. Upande wa pili wa uwanja, wageni kutoka chuo kingine wakinyoosha miguu, wamevaa rangi ya machungwa.

Nilimtazama Mama naye alikuwa ananitazama. Sijasahau. Hakunipiga wala hakunikemea. Alifumba macho muda wa kuvuta pumzi moja, akayafumbua.

Mlinzi wa geti, kijana mwenye kizibao na redio, alituona akafurahi kwa ajili ya wageni. Akanyoosha mkono. “Mashabiki wa wageni upande ule, mama. Jukwaa la mbele ya jua.”

Mama Solange akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Mimi ninarudi kwenye mboga zangu. Tumeaibika vya kutosha.” Wengine wakaanza kugeuka. Mmoja akashauri tugeuze nguo ndani nje, lakini hapo alionyesha tu kwamba ameshikwa na hofu, maana kitenge hicho nje na ndani ni sawa. Kule uwanjani Fiston alikuwa ametuona. Alisimama na mikono miwili kichwani, mpira ukampita.

“Simameni,” Mama akasema. “Hawa batu, banasikia rangi ao banasikia sauti?”

Waliokuwa wamegeuka wakageuka tena.

“Basi. Twende kule ametuonyesha. Tutaimba majina ya batoto betu.”

Akaelekea jukwaa la wageni bila kuangalia nyuma. Wakamfuata, Mama Solange wa mwisho, akinung'unika. Jua lilitupiga usoni. Wageni wenyewe walikuwa na mashabiki kumi na tano hivi, wanafunzi wenye tarumbeta moja ya plastiki, na walitupokea kwa makofi na kutusogezea nafasi. Ng'ambo yetu lilikuwa jukwaa kubwa lenye kivuli, watu wachache, na katikati yao mzee mnene mwenye suti. Huyo, Mama alituambia, ndiye tuliyemjia.

Kisha akatupanga kwa sauti: wa juu huku, wa chini kule, wafupi mbele. Mimi nilikuwa mfupi kuliko wote, nikawa mbele kabisa, katikati, hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa nimejifunza nyimbo zote. Nilivuta pumzi. Mama akainama, akaniambia sikioni:

“Weye usiimbe. Angalia mupira tu.”

Kuna maneno mtoto anayameza kama mwiba wa samaki. Nilijua sauti yangu haikuwa nzuri, darasani waliniambia, lakini kuambiwa na Mama, siku ile, nikiwa na kigauni kipya, baada ya kosa langu la dirishani! Nilidhani ananiadhibu. Nikafunga mdomo, nikaangalia mpira kwa hasira.

Kwaya ikaanza. Wale kumi na tano walicheza nasi dakika mbili nzima kabla hawajasikia tunachoimba. Tulikuwa tumechukua nyimbo za kanisani tukapachika majina ya wachezaji wa bluu, mmoja baada ya mwingine, kuanzia golikipa. Tarumbeta ikanyamaza. Mwanafunzi mmoja akamsogelea Mama Solange akamuuliza kwa heshima, “Samahani, mama, ninyi mko upande gani hasa?” Naye, aliyetaka kurudi kwenye mboga, akamjibu, “Upande wa Fiston. Kaa chini, mwanangu, unanizibia.”

Kipindi cha kwanza hakukuwa na bao. Mzee wa suti alikaa amekunja mikono. Kipindi cha pili, Fiston wetu alipata mpira akiwa peke yake, hana presha yoyote, akamrudishia golikipa pasi. Nyepesi. Niliiona inaishiwa nguvu kwenye nyasi kabla mtu yeyote hajaiona. Mshambuliaji wa machungwa akaipitia kama kiatu chake mwenyewe kilichosahauliwa njiani, akafunga.

Nikajifunika uso kwa viganja.

“Riziki! Toa mikono!”

Alipiga kelele hiyo katikati ya wimbo, mbele ya watu wote. Nikaitoa, machozi yakinidondoka, naye akanitazama kitambo, kisha mkono wake ukapanda tena. Nyuma yangu wimbo ulikuwa umekaribia kufa. Akina mama walikuwa wameona bao na kujua aliyelisababisha ni mtoto wa nani. Mama akaanzisha jina la Fiston. Siyo la golikipa, siyo la mfungaji wetu. Fiston, mara nne, juu zaidi ya tulivyofanya mazoezi, mpaka sauti za juu zikapasuka. Aliyekosa ndiye aliyeimbwa. Hata mchezaji mmoja wa wageni aligeuka kutazama.

Tulifungwa moja bila. Filimbi ilipolia hatukuacha. Tuliimba wachezaji wakipeana mikono, tukaimba wale kumi na tano wakikunja bendera yao, tukaimba mpaka mzee wa suti akavuka uwanja mzima kwa miguu, taratibu, akija kwetu. Alipofika aliuliza kwa Kiingereza kwa nini watu wanaimba hivi kwa timu iliyofungwa. Nilitafsiri kwa sauti ya kamasi.

Mama akajipangusa jasho. “Mwambie ule mwenye alikosea ni wangu. Sasa nimwimbie siku gani?”

Nilimwambia. Yule mzee akauliza kama tutakuja tena.

Sisi tulidhani tumepelekwa upande mbaya. Kumbe kamera zote zilikuwa juu ya lile jukwaa la kivuli, zikitazama kwetu. Nchi nzima, kila mpira ulipopita, ilikuwa imeona ukuta wa machungwa ukiyumba na kusikia majina ya bluu. Watangazaji, Kocha alituambia baadaye akicheka mpaka kukohoa, walichanganyikiwa mechi nzima, na kila walivyochanganyikiwa ndivyo walivyotutaja. Binamu ya Papa alipiga simu kutoka Durban. Mtu wa Polokwane, yule yule ambaye mfadhili alimtamani, alimwandikia Kocha akiuliza wale akina mama wanacheza lini tena.

Kombe hawakupata mwaka ule, wala uliofuata. Lakini wanafunzi walianza kuja, kwanza kutushangaa sisi, halafu kuutazama mpira, na wakaanza kujifunga vitambaa vya machungwa. Tulipotaka kushona vya bluu, Kocha alitukataza kabisa. Hadi leo timu ile inavaa bluu na watu wake wanavaa machungwa, na wageni wakiuliza sababu kila mtu ana jibu lake, la uongo. Bursari ziliendelea. Fiston alimaliza mwaka wa nne.

Mimi nilibaki na mwiba wangu. Nilikataa kujiunga na kwaya nilipokua. Mama aliponiuliza nilimwambia sina sauti, wewe mwenyewe unajua, naye akanitazama kama mtu asiyeelewa. Miaka yote hiyo nilimpenda nikiwa na kinyongo kidogo mfukoni.

Mwaka jana, nyumbani kwa Fiston kule Bellevue, mwanawe alitaka kumwona baba yake akicheza, na Fiston akaitafuta mechi ile kwenye simu. Sikuwahi kuitazama. Nilijiona: kitoto cha mbele, mdomo umefungwa, sura inabadilika kila nukta; ukinitazama mimi huhitaji kuutazama mpira. Na mbele yangu mgongo wa Mama, kilemba kimenyooka. Tuliitazama mechi mpaka mwisho na mgongo ule haukugeuka. Mwalimu wa kwaya huwatazama waimbaji wake, hilo nilikuwa nalijua tangu nizaliwe, lakini sikuwahi kulifikiria uwanjani. Mama alikuja kwenye mechi ya mtoto wake kwa mara ya kwanza na hakuona hata pasi moja. Nikairudisha picha kwenye lile bao: viganja vyangu vikapanda, na mkono wa Mama ukasimama hewani.

Nilisimamisha picha hapo. Mama alikuwa jikoni akichambua maharage. Nikaenda nikasimama mlangoni nikamuuliza kwa nini siku ile alinikataza kuimba.

“Kwani mutu anaimba na anaangalia mupira pamoja?” alisema. “Nilikuwa nasoma mupira kwa sura yako. Weye hujui kuficha.”

“Na nilipojifunika?”

Mikono yake ikaacha maharage.

“Nilifikiri wamemuvunja. Nilifikiri Fiston iko chini, anakufa, na mugongo yangu iko kwake.”

“Na hukugeuka, Mama?”

“Ningegeuka, boote bangegeuka. Nani angeimba?”

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi nililia pale mlangoni kama mtoto wa miaka kumi, na niliiacha mikono yangu chini, aone.